Barafu ya Nairobi na Watoto wa Buna



Mwaka 2005 hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu. Hapo vijana wetu wakajifunza mpira wa magongo wa barafuni, wakaunda timu ya Ice Lions. Hawakuwa na timu ya kushindana nayo, hata mwaka 2018 walipopelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Twawapongeza. Lakini barafu ni maji, na huku Buna maji ni shida. Sisi hatuombi barafu. Twaomba maji na kiwanja kwa watoto wetu. Wale walipewa nafasi, wakaweza. Wetu nao wataweza. Kila tawi lizungumze neno hili mkutanoni.