Uchafu Gani Huo?

Mzazi ametoka hospitali na mishono yake, na jioni hiyohiyo beseni liko tayari: maji yanayofuka, majani ya mwarobaini, karafuu, kipande cha shabu. Akisita, shangazi anamwambia akaze moyo. Maji yasipochoma, uchafu hautoki. Beseni sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni huo uchafu.

Haupo. Uke una bakteria wake wanaotengeneza asidi na kuuweka kwenye pH ya 3.8 hadi 4.5, hali ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviipendi. Ute wa kawaida unaotoka ndio usafi wenyewe. Ukiingiza sabuni au maji ya majani, unawafukuza walinzi wa nyumba. Muwasho na harufu vikija, mwanamke anarudi kwa muuza dawa kununua tiba ya shida aliyouziwa mwezi uliopita. Biashara tamu hiyo!

Damu ya uzazi nayo hukoma yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki sita, mfuko wa uzazi unapojikaza. Haisubiri mvuke wa mtu.

Mwaka 2019 madaktari wa Kanada waliandika habari za mwanamke wa miaka 62 aliyekalia mvuke wa maji yaliyochemshwa na majani, dakika 20, siku mbili mfululizo, akitumaini kukwepa upasuaji wa kizazi kilichoshuka. Aliambulia kuungua, na upasuaji ukabidi usubiri kwanza apone.

Kukalia maji kuna kazi yake: kupunguza maumivu ya msamba na bawasiri. Beseni lisuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Maji yawe ya uvuguvugu, ukiyapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Unaketi tu, huingizi kidole wala kitambaa, kisha unajikausha kwa kubonyeza taratibu, bila kusugua.

Na majani? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1988 ulilinganisha wazazi walioweka chumvi au dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kuoga na wale ambao hawakuweka kitu. Vidonda havikupona kwa tofauti yoyote. Ikiwa chumvi haikufua dafu, sembuse karafuu, ambayo mafuta yake huwasha hata ulimi? Shabu tumrudishie kinyozi.

Najua nitakachojibiwa: bibi zetu walifanya hivyo. Walifanya, na wazazi wengi wa zama zao walikufa kwa homa ya uzazi huku mabeseni yakiwapo. Shangazi bado tunamhitaji, kwa uji, kwa kufua nguo, kwa kumbeba mtoto mama alale. Ila mzazi mwenye homa, harufu kali au damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja asichemshiwe chochote. Atafutiwe gari la kumpeleka hospitali usiku huohuo.