Barua imefika, mwenyewe hana habari: gharama isiyoandikwa daftarini

Mfanyabiashara wa Pangani anayekodi sanduku la barua mjini Tanga ana gharama moja ambayo haimo katika daftari lake la mapato na matumizi. Kila wiki hupanda basi, husafiri kilometa zipatazo 50, hufungua kijimlango cha chuma kwa ufunguo wake, huchungulia ndani na mara nyingi hukuta vumbi. Safari hiyo haiandikwi popote na hakuna anayeiuliza. Hata hivyo, fedha imetoka mfukoni.

Kwa mfano, nauli ikiwa Sh. 4,000 kwenda na Sh. 4,000 kurudi, na nusu siku ya kufunga duka ikikadiriwa kuwa Sh. 10,000, kila safari inamgharimu Sh. 18,000. Akienda mara 50 kwa mwaka, ametumia Sh. 900,000. Ikiwa katika mwaka huo alipata barua 20, na kila moja ilifika katika wiki yake, basi safari 30 zilikuwa za bure. Sh. 540,000 zimekwenda kununua jibu la neno moja: "Hakuna."

Hizo ni tarakimu za mfano tu. Mwenye duka Muheza, Korogwe au Lushoto anaweza kuweka nauli yake na idadi ya barua zake, akapata jumla yake. Jambo la kuangalia ni kwamba hasara hiyo haitokani na bei ya stempu wala ada ya sanduku. Inatokana na kutojua kama barua imefika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari yenyewe ndiyo inayopoteza mali.

Zamani tatizo hili halikuonekana, kwa sababu kila ofisi yenye heshima mjini Tanga, kuanzia mashamba ya mkonge hadi mawakala wa meli, ilikuwa na tarishi. Asubuhi tarishi alichukua ufunguo na baiskeli, akaenda Posta, akarudi na mfuko. Barua zilikuwa nyingi na mfuko haukurudi mtupu, hivyo mshahara wake uligawanyika kwa mamia ya barua. Kisha zikaja teleksi, faksi, simu za mkononi na intaneti. Barua zikapungua, na tarishi naye akapunguzwa. Kazi yake haikufa, bali imehamia kwa mwenye biashara mwenyewe, ambaye saa yake ina bei kubwa zaidi.

Wengi husema kwamba kwa kuwa barua zimepungua, suala la kujua zinapofika limepitwa na wakati. Hesabu inaonyesha kinyume chake. Anayepata barua kila siku hahitaji kuarifiwa, kwani akienda wakati wowote atakuta kitu. Anayepata barua 20 kwa mwaka ndiye anayepoteza. Kadiri barua zinavyopungua, ndivyo safari za bure zinavyoongezeka, na ndivyo taarifa ya kufika inavyopanda thamani.

Tena barua zilizobaki si salamu za Idi na Krismasi. Ni hati halisi zenye mihuri, wito wa mahakama, madai ya kodi ya ardhi, sampuli za bidhaa, vipuri vidogo na matangazo kwa wenye hisa. Nyingi kati ya hizo zina tarehe ya mwisho. Hata kifurushi kina mtego wake: karatasi ya kumwarifu mteja kwamba kifurushi kimefika huwekwa ndani ya sanduku lile lile ambalo hajui kama lina kitu. Kifurushi kisichochukuliwa katika muda uliowekwa hurudishwa kwa mtumaji, na biashara hurudi nacho.

Katika nchi ambako Posta hupeleka barua nyumba kwa nyumba, watu wamepata dawa yao. Huko Marekani, kwa mfano, sanduku la barua la mkulima husimama kando ya barabara, mbali na nyumba. Wenye nyumba huweka ndani yake kihisi kidogo kinachotumia betri. Kifuniko kinapofunguliwa, sumaku huachana na swichi, na kihisi hurusha ishara ya redio bila waya hadi ndani ya nyumba, ambako kengele hulia au ujumbe huingia kwenye simu. Zipo redio za teknolojia ya LoRa zinazoweza kurusha ishara kwa kilometa kadhaa kwa umeme kidogo sana. Vifaa hivyo vinauzwa mitandaoni, na vijana wa ufundi nchini wana uwezo wa kuviunganisha.

Lakini mfanyabiashara wa Tanga asikimbilie kuagiza. Kwanza, hapa mwenye sanduku hana sanduku. Amekodi nafasi katika ukuta wa Posta, na hana ruhusa ya kuchokoa wala kupachika kitu. Pili, masanduku hayo yamepangwa kama sega la nyuki, na kuta zake ni za chuma. Mlango wa mteja uko mbele, lakini barua huingizwa kutoka nyuma, kwenye chumba cha kuchambulia. Swichi ya mlangoni inayomfaa Mmarekani, hapa ingemwarifu mteja kwamba yeye mwenyewe amefungua mlango. Tatu, chuma huzuia mawimbi ya redio, kwa kanuni ambayo Michael Faraday wa Uingereza aliionyesha kwa umeme mwaka 1836. Nne, vifaa vya redio vinavyoingizwa nchini vinatakiwa viwe vimethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kuna pia hewa ya chumvi ya pwani yetu, ambayo kila mwenye redio na pikipiki Tanga anaijua. Hula nyaya na vituo vya betri bila huruma.

Kwa hiyo kihisi cha mtu mmoja mmoja si jibu. Hiyo haina maana kwamba wazo lenyewe ni bovu. Mahali pake ndipo pasipofaa. Mashirika ya posta duniani yalikwisha kulitambua hilo. Tangu mwaka 2009 Umoja wa Posta Duniani, UPU, umekuwa na mpango wa kupima mwendo wa barua ambamo barua za majaribio huwekewa lebo ndani ya bahasha. Lebo hiyo haina betri. Ina chipu na antena nyembamba, na huamka inapopita katika lango lenye mitambo ya redio kwenye ofisi ya kupokelea barua. Lango huandika saa na dakika. Kihisi kipo mlangoni mwa Posta, wala si ndani ya sanduku la mteja, na lango moja hutumikia barua za kila mtu.

Mpango huo ni wa kupima kazi ya Posta, si wa kumwarifu mteja, na kuweka chipu katika kila barua kungekuwa gharama isiyo na sababu. Lakini unafundisha kwamba anayejua barua imefika lini ni yule aliyeipokea. Chumba cha kuchambulia barua kinajua. Mchambuzi anapoitia barua ya kwanza katika sanduku, habari yote tayari iko mkononi mwake. Kinachokosekana ni kuipeleka nje ya ukuta. Kwa hilo hahitajiki mtambo wa ajabu. Inatosha abonyeze namba ya sanduku, na kompyuta imtumie mwenyewe ujumbe mfupi wa simu. Barua za rejista na vifurushi vya kimataifa tayari vina namba yenye herufi na tarakimu 13 ambayo husomwa kwa mashine. Pengo kubwa liko kwa barua ya kawaida, isiyo na namba yoyote.

Anayedhani kwamba wateja hawajali taarifa aende kituo cha mabasi. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenda Tanga husafiri kilometa zipatazo 350, na wafanyabiashara wengi huukabidhi kwa basi. Basi halina sheria ya posta, halina stempu wala ghala kubwa. Lina namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nene juu ya boksi. Mzigo ukishuka, mwenyewe hupigiwa, huja, hulipa na huondoka. Soko huria limetoa hukumu yake hapo: mteja yuko tayari kununua uhakika wa kujua. Posta yenye ofisi kila wilaya inashindana na kondakta mwenye simu, na katika jambo hili kondakta ndiye anayeongoza.

Kuna kejeli ya historia katika hali hiyo. Posta na simu zilikuwa chini ya shirika moja mpaka zilipotenganishwa, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kujitegemea Januari 1, 1994. Sasa simu, iliyochukua barua nyingi za Posta, ndiyo inayoweza kumrudisha mteja dirishani.

Majirani wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2016 Posta ya Kenya ilizindua huduma ya M-Post, iliyobuniwa na vijana wa nchi hiyo, ambayo huifanya namba ya simu ya mkononi kuwa anwani ya posta. Barua ikifika, mteja hupata ujumbe. Shirika la Posta Tanzania nalo limeleta Posta Kiganjani kwa wazo hilo hilo la kuiunganisha namba ya simu na anwani. Aidha, operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba. Msingi basi umewekwa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mteja wa sanduku la kawaida, aliyekodi tangu enzi za faksi, naye anaarifiwa bila kuomba.

Tanga ina sababu ya kuharakisha. Bandari yake imepanuliwa kwa mradi wa Sh. bilioni 429.1, na kina cha maji kimechimbwa hadi mita 13, ili meli zifunge gatini badala ya kutia nanga mbali na kushusha kwa matishari. Bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limepangiwa mwisho wake Chongoleani. Biashara za namna hiyo huvuta wazabuni wadogo, mikataba, dhamana za benki na hati halisi. Si haki mji ujenge gati la kisasa halafu mzabuni wake apitwe na zabuni kwa sababu bahasha imelala siku 9 nyuma ya mlango wa chuma.

Wenye hisa ndogo nao wasidhani kwamba mambo haya ni ya wenye maduka tu. Tanga Cement iliandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002, na wananchi wengi wa kipato cha kawaida wakanunua. Kati ya mwaka 2021 na 2024 hisa nyingi za kampuni hiyo zilihama mikono, kutoka AfriSam kwenda Scancem ya kundi la Heidelberg, kisha kwenda Amsons. Katika mabadiliko ya namna hiyo mwenye hisa hupelekewa matangazo yenye siku za mwisho za kuamua kuuza au kubaki. Aliyejiandikisha kwa sanduku la mwajiri wake, kisha akastaafu na kurudi Pangani, amebaki na hisa lakini anwani yake imebaki ofisini. Gawio lake linaweza kukaa bila mwenyewe kwa miaka.

Hapo pia ndipo ulipo udhaifu wa ujumbe kwa mwenye sanduku. Sanduku moja Tanzania huweza kubeba barua za shule nzima, msikiti, parokia au ukoo. Ujumbe ukienda kwa mlipa ada peke yake, mgeni wa sanduku atabaki gizani kama kawaida. Ndiyo maana namba ya simu ya mpokeaji iandikwe juu ya bahasha, kama inavyoandikwa juu ya boksi la basi. Vilevile, ujumbe useme tu kwamba kuna barua, bila kutaja imetoka wapi. Siri ya biashara ni mali.

Gharama ya huduma hii isiwe kisingizio. Katika mfano wa mfanyabiashara wa Pangani, hata angetozwa Sh. 10,000 za ziada kwa mwaka, angeokoa Sh. 530,000 kati ya zile zilizokuwa zikipotea. Posta ingepata pato jipya kutokana na kitu ambacho tayari inacho, yaani habari. Wasiotaka kulipa wabaki na utaratibu wa zamani, na soko liamue.

Wakati huo ukisubiriwa, yapo mambo ambayo mfanyabiashara anaweza kufanya wiki hii bila kununua kihisi chochote. Aandike safari zake za Posta daftarini kwa miezi mitatu, zilizozaa na zisizozaa, ili ajue anapoteza kiasi gani. Aulize dirishani kuhusu kuunganisha simu yake na anwani yake. Achapishe namba ya simu chini ya S.L.P. katika karatasi zake za barua na ankara. Mwenye hisa amwone wakala wake wa soko la hisa, ahakikishe anwani, simu na akaunti ya benki vilivyoandikwa ni vya leo. Wafanyabiashara wa mkoa wakipeleka hesabu za safari hizo kwa pamoja, Posta itakuwa na tarakimu za kujibu, badala ya malalamiko ya mtu mmoja mmoja aliyekuta sanduku tupu.