HAKI HAITENGWI NA MAENDELEO

Ndugu wanachama, wako wasemao kwamba shirika lichimbalo visima na lijengalo skuli lisiulize habari za haki za binaadamu, kwani hizo zina watu wake. La hasha! Natutazame Bara Hindi. Mwaka 1985 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 450 kwa bwawa la Sardar Sarovar, katika mto Narmada. Maji na umeme ni neema, nani ayakatae? Lakini wengi waliolima bila ya hati hawakutambuliwa kuwa na haki ya kupewa ardhi nyingine. Wanavijiji wakagoma, na watetezi wa ng'ambo wakawaunga mkono. Basi ni nani aliyewapa insafu? Ni Bradford Morse, aliyepata kuongoza Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa! Ripoti ya tume yake, mwaka 1992, ilitamka kwamba kwa hali ile haiwezekani kuwapa makazi mapya wote watakaohamishwa. Mwaka 1993 India ikaiacha mikopo iliyosalia, na Benki ikaunda Jopo la Ukaguzi. Bwawa lilizinduliwa mwaka 2017 hata hivyo. Ama Jopo lingalipo, na wadhulumiwa wawili tu watosha kulipelekea mashtaka.