Je, Aliyetoka Kabla ya Kumaliza Si Mwenzetu?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Chama cha wanafunzi wa zamani wa shule yetu kimekwisha kupeleka barua za kuwaalika wanachama wake katika mkutano wa mwaka, na ndani ya kila barua imetiwa fomu ndogo ya kujaza. Nimeiona fomu hiyo, maana sisi wa kidato cha sita ndio tuliopewa kazi ya kukunja karatasi na kuzitia katika bahasha. Yauliza jina, anwani, nambari ya simu, kazi, na bweni alilokaa mtu. Katikati uko mstari mmoja unaosema: "Mwaka uliomaliza". Juu ya mstari huo nina maneno ya kusema, na namshukuru mhariri kwa kunipa nafasi.

Nasema mstari huo wawafukuza watu. Mtu aliyekaa nasi mwaka mmoja au miwili, akatoka kwa sababu karo ilimshinda mzazi wake, akifika hapo ataandika nini? Hakumaliza. Walakini hata fomu yenyewe haitamfikia, kwa kuwa majina yote tuliyoandika juu ya bahasha yalitolewa katika orodha za waliofanya mtihani wa mwisho. Asiyekuwa katika orodha hizo ni kama hakupata kukanyaga hapa.

Sidhani kwamba waliotunga fomu walikusudia ubaya wowote. Naona iliigwa katika fomu ya miaka iliyopita, na ile nayo iliigwa katika nyingine. Mambo mengi ya shule huenda hivyo.

Wenzangu wa darasa watanielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu darasa letu lina habari yake peke yake. Tuliingia kidato cha kwanza Februari 2020, nasi tulikuwa wa kwanza kusoma mtaala mpya. Hazikutimia wiki saba, shule zote za Uganda zikafungwa tarehe 20 Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Tuliambiwa ni mwezi mmoja tu, ndiyo sababu wengine wetu tuliacha magodoro na masanduku bwenini. Madarasa ya mitihani yakaitwa Oktoba 2020. Mengine yakaitwa kwa zamu mwaka 2021. Juni mwaka huo yote yakafungwa tena. Milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Ilisemwa duniani kote kwamba hakuna nchi nyingine iliyofunga shule zake muda mrefu namna hiyo.

Tuliporudi, katika bweni letu peke yake vitanda vinne havikupata wenyewe. Magodoro yalikuwapo, yameliwa na panya, na masanduku mawili yalikuwapo na kufuli zake. Shuleni kwetu mwanafunzi akifa kengele hupigwa na sala husomwa. Akihamia shule nyingine, mwalimu hutaja jina lake naye huagwa. Hawa wanne hawakufa wala hawakuagwa. Baada ya wiki mbili vitanda vilipewa wageni, na masanduku yakapelekwa stoo. Baadaye tukapata kusikia kwamba mmoja anavua samaki huko Majanji, mwingine yumo katika mashimo ya dhahabu ya Busia, na wa tatu ameoa. Wa nne anaendesha boda boda Malaba, na huyo ndiye nitakayemweleza zaidi. Jina lake sitalitaja kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Sisi sote tulikuwa watoto wa miaka 13, wengi wetu hatujalala hata usiku mmoja mbali na nyumbani, na wiki za kwanza ni wiki mbaya. Kila aliyepita bwenini anazijua. Yeye ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kutandika shuka kwa ukaguzi wa asubuhi. Tena alituonyesha hila ya kuiokoa sukari na sisimizi: kopo la sukari lasimamishwa ndani ya bakuli yenye maji kidogo, na mdudu hawezi kuvuka. Alisema ameipata kwa bibi yake. Siku hizi nikipita katika bweni la kidato cha kwanza naona makopo yamesimama majini chini ya vitanda, na hao watoto hawajui ni nani aliyeileta desturi hiyo shuleni kwetu. Ukumbi wetu una ubao wa majina ya waliofunga mabao mengi na waliopata alama nyingi. Sina neno na ubao huo. Lakini nawauliza wasomaji, ni wangapi waliosomwa juu yake ambao kazi yao yaonekana kila usiku bwenini?

Mwaka jana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, mtu mmoja mwenye heshima zake alishuka katika matatu akatafuta pikipiki ya kumleta shuleni. Aliyempakia ni huyo mwenzetu. Njiani yule bwana alimsimulia habari za shule, jinsi posho ilivyokuwa ngumu zamani na jinsi walivyokimbia mbio za nyika mvuani, na mwenzetu akaitikia, "Ndiyo, mzee," "Kweli, mzee." Walipofika langoni mgeni alibandikwa karatasi yenye jina kifuani akaingia. Dereva aliambiwa akangoje chini ya mwembe pamoja na madereva wengine, maana mgeni alikuwa amemwambia asiondoke. Akangoja tangu saa nne mpaka saa kumi. Alisikia hotuba, akasikia na wimbo wa shule, ambao maneno yake anayajua, kwa kuwa tulifundishwa pamoja wiki ile ya kwanza. Alinisimulia haya likizo ya Desemba akicheka sana. Askari wa lango simlaumu. Alifanya kazi yake kama alivyoagizwa. Yule mgeni naye hakuwa na njia ya kujua. Hakuna hata mmoja aliyemkosea, na bado kijana alikaa nje saa sita nje ya lango la shule yake.

Nimewahi kulisema jambo hili katika mdahalo wa Jumamosi, nikajibiwa mambo kadha wa kadha. La kwanza, kwamba wiki saba si kitu. "Wiki saba ni urafiki gani?" aliniuliza ndugu mmoja, na darasa zima likacheka. Namjibu hapa vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile. Urafiki haupimwi kama kitambaa. Nimekaa miaka mingi na wavulana ambao nikikutana nao njiani nitawaamkia tu nipite. Na yupo niliyekaa naye wiki saba ambaye nikipita Malaba siwezi kurudi nyumbani bila kumtafuta. Tena si wote waliotoka baada ya wiki saba. Wengine walitoka mwaka 2022 baada ya muhula mmoja, wengine katika kidato cha tatu, na mmoja alitoka mwaka 2024 akiwa amebakiza miezi tu kufika kwenye mtihani. Huyo naye je?

La pili lilisemwa kwa ukali zaidi: chama ni cha waliopata cheti, na asiye na cheti akiingizwa, cheti kitakuwa na faida gani? Hapo nataka tuitazame Makerere. Chuo kile kilisherehekea kutimiza miaka 100 mwaka 2022, mwaka uleule tuliorudi madarasani. Miaka hiyo 100 yahesabiwa tangu lini? Yahesabiwa tangu 1922, wakati kilipokuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliokuja asubuhi na kurudi kwao jioni, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Katika hao 14 hapakuwa na hata mmoja mwenye digrii, maana shule yenyewe haikuwa na digrii ya kutoa. Lakini ukiwaondoa, Makerere itapoteza siku yake ya kuzaliwa. Julius Nyerere aliyesoma pale toka 1943 mpaka 1945, na maelfu waliomfuata, wote wanahesabiwa katika ukoo mmoja na wale maseremala. Sioni kwamba heshima ya chuo imepungua.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi nasi, nao ni wa huzuni. Agosti 1972 Idi Amin aliamuru watu wenye asili ya Asia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Katika miji yetu hii ya mashariki, Tororo, Mbale na Jinja, walikuwamo watoto waliokuwa madarasani. Wakafunga vitabu katikati ya mwaka wakaenda Uingereza, Canada, India na kwingineko. Hawakumaliza. Miaka miwili iliyopita mzee mmoja wa namna hiyo alitutembelea kutoka Leicester. Alipokewa kwa chai, akaonyeshwa darasa alilosomea, na mzee mwenzake aliyekaa naye dawati moja aliletwa kwa gari kutoka kijijini. Walishikana mikono wasiachane muda mrefu, sisi tukitazama. Hakuna aliyemwuliza alimaliza mwaka gani. Kila mtu alifahamu kwamba alitolewa shuleni kwa nguvu asiyoweza kushindana nayo. Basi, ikiwa amri ya serikali yaweza kumtoa mtoto shuleni naye akabaki mwenzetu, kwa nini ugonjwa wa dunia nzima na umaskini wa baba yake visihesabiwe vivyo hivyo? Au ni kwa sababu mmoja alikuja kwa ndege na mwingine alikuja kwa pikipiki? Niwieni radhi kwa swali hili, lakini nimeliwaza mara nyingi.

Walikuwapo pia waliosema kwamba hao wakialikwa watakuja kuomba fedha. Jibu langu ni fupi. Anayeendesha boda boda kila siku hali kwa kuomba. Wakati mwingine ana fedha mfukoni kuliko mwalimu mwishoni mwa mwezi. Na waliofukuzwa kwa makosa mazito ni jambo jingine. Hao chama kiwaamue mmoja mmoja.

Labda mtu atasema kwamba siku hizi kuna simu, na kila mtu aweza kuwatafuta rafiki zake bila chama. Ni kweli, ila simu zimefuata njia ileile ya fomu. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, siku hiyohiyo wenzetu walifungua kundi la WhatsApp, wakaliita kwa mwaka wa mtihani, 2024, na waliotiwa ndani ni waliofanya mtihani. Sisi tulio shuleni haturuhusiwi simu, kwa hiyo mimi hulisoma likizoni tu, jumbe za miezi mitatu kwa siku moja. Yanayopita humo ni matatu: pongezi, rambirambi na michango. Ni mambo mema. Lakini sijaona mtu akiuliza, "Fulani yuko wapi?" Nilipouliza mimi, nilipata majibu mawili: mmoja alisema hajui, mwingine akaniletea picha ya kikatuni.

Shauri langu ni jepesi na halina gharama. Fomu ibadilishwe, mahali pa "Mwaka uliomaliza" pawekwe "Mwaka ulioingia". Kwa karani wa shule kuna daftari kubwa la kuandikisha wanafunzi, na kila mtoto aliyepokelewa amepewa nambari yake humo siku ya kwanza. Nambari hiyo haifutwi. Kumbe shule yenyewe imetuhesabu sote. Ni sisi tuliojipunguza baadaye. Orodha za bahasha zitolewe katika daftari hilo. Najua anwani nyingi zitakuwa zimekufa, na masanduku ya posta ya miaka ile mengine yamefungwa. Hapo ndipo darasa litafanya kazi: kila darasa lichague mtu mmoja wa kuwatafuta wenzake, kijiji kwa kijiji, kupitia wachungaji, walimu wa shule za msingi na madereva. Watu wa huku mpakani hawapotei sana. Ukiuliza stendini Malaba au Busia mara tatu, ya nne utaonyeshwa nyumba.

Nimeandika haya kwa Kiswahili kwa makusudi. Ningeweza kuyapeleka katika kurasa za Kiingereza, ambako wakubwa wa chama husoma zaidi. Lakini Kiswahili ndicho kinachosemwa stendini, na nataka gazeti hili nikilipeleka Malaba lisomwe lote pale chini ya kivuli, na wale wasiolipata Kiingereza vizuri nao wacheke mahali pa kuchekea.

Kwa ndugu zetu wa zamani mlioko Kampala, Nairobi, Kisumu na ng'ambo: mkijaza fomu zenu mwaka huu, tafadhali geuzeni karatasi, na nyuma yake mwandike jina la mtu mmoja aliyetoka kabla yenu, pamoja na kijiji chake mkikikumbuka. Karani amekubali kuzipokea, na mimi na wenzangu wawili tumejitolea kuzipanga jioni baada ya michezo, mpaka tutakapoanza mtihani Novemba. Majina manne ya bweni letu tumekwisha kuyaandika. Katika daftari yamo ukurasa mmoja, na huyu wa Malaba nambari yake inafuatana na yangu. Fomu yake nitampelekea mwenyewe likizo ya Agosti.