Daktari wa Jicho Aulize na Shavu

Fundi wa gereji hapa Ghala, Oman, akiamka na jicho jekundu, hununua dawa ya matone. Mashavu yakimfura, wenzake husema ni matubwitubwi. Mdomo ukienda upande, nyumbani wataamua kapigwa na upepo na kumtafutia wa kumsomea. Kumwombea dua ni haki yake. Kumchelewesha hospitali ni kosa, maana dalili hizi zikija pamoja zaweza kuwa ugonjwa mmoja.

Daktari wa macho wa Denmark, Christian Frederik Heerfordt, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1909: homa, uvimbe ndani ya jicho, kufura kwa tezi za mate na kupooza kwa neva ya uso. Naye alidhani ni matubwitubwi. Mwaka 1937 Jan Waldenström wa Sweden akaonyesha kuwa ni sura mojawapo ya sarkoidosisi, ambapo kinga ya mwili hujenga vinundu viungoni, hasa mapafuni. Heerfordt alikuwa na udhuru. Daktari wa leo hana.

Ni ugonjwa adimu, tunakubali. Uso uliopooza mara nyingi hurudi sawa. Lakini jicho lililopuuzwa huweza kuingia mtoto wa jicho, presha ya macho, kisha upofu. Oman, nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012, kuwa imetokomeza trakoma, haistahili uzembe wa namna hii.

Kwetu wenye asili ya Afrika Mashariki liko jambo zito zaidi. Kifua kikuu hufanana mno na sarkoidosisi, kwenye picha ya kifua na pengine hata kwenye kinyama kinachokatwa kupimwa. Mwenye kifua kikuu akipewa steroidi za kutibu sarkoidosisi pasipo kuchunguzwa, ugonjwa waweza kulipuka. Mwenye sarkoidosisi akimeza dawa za kifua kikuu miezi 6 bure, jicho linaharibika huku anahesabu vidonge. Basi mgonjwa aseme kweli aliishi wapi na nani alikohoa nyumbani. Anayeficha kwa kuhofia ukaazi wake anamfunga daktari mikono.

Na kafili, yaani mwajiri mdhamini? Sheria ya Kazi ya Oman ya 2023 inatoa likizo ya ugonjwa hadi siku 182, 21 za mwanzo kwa mshahara kamili. Anayemwambia fundi avumilie mpaka Ijumaa hamfanyii hisani. Anamnyima haki iliyoandikwa.

Daktari wa jicho aulize kuhusu mashavu, wa neva amulike jicho, na yeyote atakayeziona dalili hizi pamoja aagize picha ya kifua na kipimo cha umeme wa moyo, maana sarkoidosisi ikiingia moyoni huweza kuua ghafla. Mgonjwa naye asiache vidonge siku kioo kinapomwonyesha uso umenyooka: steroidi hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari, na jicho hurudishwa kukaguliwa hata kama haliumi.