Mke huku, mtoto kule

Mwanamume wa miaka 30 akilala na binti wa miaka 16, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamwita mbakaji. Haiulizi kama binti alikubali. Kifungu cha 130 hakihesabu ridhaa ya aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Sasa mwanamume huyohuyo apeleke mshenga, posa ijibiwe, mahari ipokelewe, baba mtu aseme ndiyo, na ndoa ifungwe Jumamosi. Jumamosi usiku hakuna tena kosa. Kifungu kilekile cha 130 kinamtoa mwanamume ambaye binti huyo ni mkewe, mradi ametimiza miaka 15 na hawajatengana.

Umri wa binti haujabadilika. Mwili wake ni uleule, akili ni ileile, na tendo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba baba amesema ndiyo na ng'ombe wamehama zizi.

Watanzania hawakubaliani kuhusu umri wa kuolewa. Wapo wanaosema 18, wapo wanaosema baleghe, na wapo wanaosema hayo ni mambo ya familia, Serikali ikae pembeni. Sisi tunasimama kwenye 18, na hatufichi. Lakini tunachodai leo ni kidogo kuliko hicho, na hata asiyekubaliana nasi anaweza kukidai pamoja nasi. Wananchi kutofautiana ni jambo la kawaida. Sheria za nchi moja kumwita mtu mmoja mtoto ukurasa huu na mke ukurasa unaofuata ni uzembe.

Tuwe wa haki kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Haikuwa sheria ya hovyo. Ilitanguliwa na waraka wa Serikali wa 1969, ikaziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za kiserikali, ikakataa kwamba mume ana haki ya kumchapa mkewe, ikafungua njia ya mke kupata sehemu ya mali waliyochuma pamoja. Kwa miaka ile hayo yalikuwa makubwa. Kwenye umri ilitafuta suluhu: mvulana 18, msichana 15, na msichana aliye chini ya 18 aolewe kwa ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, mama. Wote wakiwa hawapo, mlezi. Kifungu cha 13 hata hakikusema umri halisi, kilisema umri unaoonekana, na mtu anaweza kuelewa kwa nini: watoto wangapi walikuwa na cheti cha kuzaliwa mwaka 1971? (Sheria hiyo ni ya Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.)

Kisha miaka ikaenda, zikaja sheria nyingine, kila moja ikitungwa kana kwamba zile za kabla yake hazipo. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana na kupandisha mpaka hadi 18. Hapo ikabidi liache tundu la mume, la sivyo lingewafunga watu waliooa kihalali. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto: mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, basi. Haikuongeza "isipokuwa ameolewa".

Na tundu lenyewe lilikatwa bila kupima. Sheria ya Ndoa iliipa mahakama uwezo wa kuruhusu hata binti wa miaka 14 aolewe, pakiwa na sababu maalumu. Kanuni ya Adhabu inamkinga mume wa binti wa 15 kwenda juu. Kwa hiyo hakimu angeweza kusaini ruhusa asubuhi, ndoa ikafungwa mchana, na kufika usiku bwana harusi akawa mbakaji mwenye kibali cha mahakama. Hatudhani kuna aliyekusudia hivyo. Ndivyo mambo yanavyokuwa pale wanaoandika sheria hii hawajafungua ile.

Halafu ikaja sare ya shule. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezewa kifungu: anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, miaka 30. Nia njema, hatuna ugomvi nayo. Ila tazama inavyofanya kazi ikikaa karibu na Sheria ya Ndoa kama ilivyoandikwa. Binti wa miaka 15 aliyemaliza darasa la saba akaishia hapo, huyo anaolewa. Dada yake wa miaka 19 aliye kidato cha nne, mwenye kadi ya mpiga kura, akiolewa, mume anakwenda jela miaka 30. Mtu mzima analindwa na mtoto anaachwa, kwa sababu mmoja amevaa sketi ya shule na mwingine amejifunga kanga. Aliyekosa shule ndiye huyohuyo anayekosa ulinzi, kana kwamba kukosa shule hakukutosha.

Kanuni za elimu za 2002 zilikwenda mbali zaidi: mwanafunzi aliyeingia kwenye ndoa anaweza kufukuzwa shule. Ziunganishe na kifungu cha 2016. Mume ni mhalifu, binti ni aliyetendewa uhalifu, na shule inamfukuza binti kwa sababu ya uhalifu aliotendewa. Kwa waliopata mimba, Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi darasani, ikatoa waraka. Tulishangilia kama wengine. Lakini waraka ule ulitoka bila kanuni ya 2002 kufutwa, na mwanasheria yeyote atakuambia kipi kina nguvu zaidi, waraka wa wizara au kanuni iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

Haya si mapya kwa wakubwa. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliyapeleka Mahakama Kuu mwaka 2016, na Julai mwaka huo majaji walisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba kwa kumbagua mtoto wa kike. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha na kuweka 18 kwa wote. Badala ya kurekebisha, ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Ibara ya 30(5) ya Katiba inaruhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria yenye kasoro, na sheria hiyo huhesabika kuwa halali kwa muda huo tu, si zaidi. Kwa hesabu hiyo, miaka 15 imeshakufa kisheria. Lakini miaka mitano baada ya hukumu ya 2019 Bunge lilikuwa halijakigusa kifungu hicho, na Serikali ilikuwa imetumia muda mwingi ikikusanya maoni. Mtendaji wa kata hana nakala ya hukumu. Ana kitabu cha sheria, akibahatika kuwa nacho, na kitabu kinasema 15.

Kuna hoja ya upande wa Serikali katika kesi ile inayostahili kujibiwa, kwa sababu husikika pia vijijini na kwenye mabaraza ya wazee: kwamba ndoa ya mapema humstiri msichana, asizae nje ya ndoa. Tunaielewa huruma iliyomo. Mama anayemwona binti yake wa miaka 16 ana mimba hatafuti nadharia, anatafuta pa kumweka. Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho. Aliyempa mimba ni nani? Kwa Kanuni ya Adhabu, ni mbakaji. Kumbe stara inayosemwa ni kumkabidhi binti kwa aliyembaka.

Kisheria, ndoa ya baadaye haifuti kosa lililotangulia. Kwa vitendo inalifuta kabisa. Wazee wa upande wa mwanamume wanafika jioni, tuyamalize nyumbani, aibu ya nini. Mahari inapangwa. Binti aliyekwenda dawati la jinsia la polisi, akajaziwa fomu ya PF3, akatoa maelezo, sasa ni mke wa mtuhumiwa, na siku ya kesi shahidi haonekani. Mwendesha mashtaka anabaki na jalada lisilo na mtu. Tundu lililoachwa mwaka 1998 ili waume halali wasifungwe limekuwa mlango wa nyuma, na wanaoutumia zaidi ni wale ambao sheria ililenga kuwakamata.

Wengine wanaitetea 15 kwa dini au mila. Tunawaheshimu, na tunawaomba waisome vizuri sheria wanayoitetea, kwa sababu haifanani na wanachokiamini. Anayesema mpaka ni baleghe, baleghe ni ya wote, ya mvulana na ya msichana. Mbona sheria inamfungia mvulana hadi 18 na yeye hajawahi kulalamika? Anayesema mpaka ni mila, jando lina wavulana wake na unyago una wasichana wake, na hakuna kungwi aliyewahi kuhesabu 15 kwa wa huku na 18 kwa wa kule. Namba hizo mbili hazikutoka msikitini wala kanisani wala kwenye kivuli cha mbuyu. Zilikuwa suluhu ya watunga sheria wa 1971. Kuzitetea kama urithi mtakatifu ni kuzipa ukoo zisizokuwa nao.

Sasa zamu yetu, maana anayedai sheria zilingane hana budi kuanza na zake. Tukisema 18 ni 18, tutafanya nini na mvulana wa 17 na msichana wa 17 waliopendana na hakuna aliyemlazimisha mwenzake? Sheria yetu inamwita mvulana mbakaji, ingawa kwa kosa la kwanza adhabu yake ni viboko tu. Wenzetu wa Kenya wameyaona haya. Sheria yao ya Ndoa ya 2014 imefunga mlango, 18 kwa wote. Lakini Sheria yao ya Makosa ya Ngono ya 2006 inataka kifungo kisichopungua miaka 15 kwa anayelala na mwenye 16 au 17, na mwaka 2019 majaji wa Mahakama yao ya Rufaa walisema hadharani kwamba umefika wakati wa kujadili vijana wanaofungwa hivyo. Jibu letu ni kwamba umri wa kuoa na umri wa kuadhibiwa kwa mapenzi ya rika moja ni maswali mawili, na unaweza kuyajibu tofauti bila kujipinga: ndoa ni mkataba wa maisha wenye mali, watoto na mirathi, na mwenye miaka 17 haruhusiwi hata kusaini mkataba wa kupanga nyumba. Vijana wa rika moja wawekewe kifungu chao, chenye tofauti ya umri iliyotajwa kwa namba. Kisichowezekana ni kumpa kinga mwanamume wa 40 kwa sababu ametoa mahari, na kumchapa viboko kijana wa 17 kwa sababu hana kitu.

Wala hili si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kwamba katika wanawake wa miaka 20 hadi 24, asilimia 31 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18.

Tunachotaka ni muswada mmoja, si minne ya wizara nne. Muswada huo uandike upya kifungu cha 13 na kukifuta cha 17, uzibe tundu la kifungu cha 130, ueleze hali ya wale ambao tayari wameolewa wakiwa na 15 au 16, ili watoto wao na haki zao za mali zisiyumbe, na uifute kanuni inayomfukuza shule binti aliyeolewa. Hilo la waliokwisha kuolewa ndilo gumu zaidi, na ndilo linalosahauliwa kila mara mjadala unapopamba moto. Ndoa zao zikitangazwa batili, wanaotoka mikono mitupu ni wao.

Na wasiotaka wapewe nafasi, bungeni, si kwenye ripoti za kamati zinazorudisha muswada kwa mashauriano zaidi. Mbunge anayeamini miaka 15 inatosha asimame aseme hivyo. Aseme kama inatosha pia kwa mwanawe wa kiume. Aseme kama binti huyo wa 15 apewe basi na kadi ya mpiga kura na haki ya kusaini mkataba, au kama ukubwa wake unaishia mlangoni kwa mumewe. Maneno yake yaingie kwenye Hansadi, pamoja na jina la jimbo lake.