Kompyuta Ikikuonya, Usiinyamazishe

Ndugu msomaji, siku hizi si ajabu kuikuta kompyuta ya mezani katika nyumba ya mfanyakazi wa kawaida hapa Unguja. Aghalabu ni mashine iliyokwisha kutumika nchi za nje, ikanunuliwa kwa fedha za kudunduliza, nayo huwa ni mali ya nyumba nzima. Baba huandikia ripoti za kazini, mama huwekea hesabu za biashara yake ya vitambaa, na watoto hufanyia kazi za skuli. Wengine wameifanya kuwa ndiyo riziki yenyewe, kama vile vijana wenye viduka vya kupiga chapa na kutoa nakala. Mashine ya namna hiyo inapoharibika, pengo lake halizibiki kwa siku moja.

Kwa ajili hiyo, leo tuzungumze juu ya onyo moja ambalo wengi huliona na wachache hulitilia maanani. Mtu amebadilisha feni ya kompyuta yake, au fundi amemfungia kipoza joto kipya. Anaiwasha mashine, nayo badala ya kuendelea na kazi inasimama na kuandika kwa Kiingereza kwamba feni ya prosesa ina hitilafu, au kwamba kasi yake ni ndogo mno, na kumtaka abonyeze kitufe fulani iwapo anataka kuendelea. Anabonyeza, mashine inaendelea, na mambo yanaonekana shwari. Kesho yake ni vile vile. Siku ya tatu anapatikana mtu wa kuingia katika mipangilio na kulizima lile onyo. Maandishi hayatokei tena. Je, tatizo limekwisha? Hasha! Kilichokwisha ni habari yake tu.

Hebu kwanza tuelewe onyo hilo linatoka wapi. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kila inapofanya kazi hutoa joto. Juu yake hufungwa pande la madini, alumini au shaba, lenye mapezi membamba ya kutawanya joto hilo. Na juu ya mapezi hayo, au ubavuni mwake, hukaa feni ya kulipeperusha. Feni hiyo huunganishwa na bodi kuu ya kompyuta kwa nyaya tatu au nne. Nyaya mbili za kwanza ni za umeme. Wa tatu ndio mpeleka habari: kila feni inapozunguka mara moja, waya huo kwa kawaida hupeleka mapigo mawili kwenye bodi, na bodi huyahesabu ili kujua kasi. Wa nne, ikiwa upo, hupeleka amri ya kuongeza au kupunguza mwendo. Basi bodi inapohesabu mapigo ikayakuta machache kuliko kiwango ilichowekewa, au isiyakute kabisa, ndipo inapotoa onyo.

Kwa hiyo onyo hilo halisemi moja kwa moja kwamba feni imekufa. Linasema kwamba bodi haipati habari iliyoitarajia. Kazi yetu ni kutafuta sababu, na sababu zenyewe si nyingi.

Sababu ya kwanza, na iliyo nyepesi kuliko zote, ni kuchomeka feni mahali pasipo pake. Bodi kuu huwa na vituo kadhaa vya pini vinavyofanana, kimoja cha prosesa na vingine vya feni za kasha. Kile cha prosesa huandikwa pembeni yake CPU FAN kwa herufi ndogo sana. Feni ikichomekwa katika kituo kingine huzunguka vizuri tu na upepo utausikia, lakini bodi hutazama kituo cha prosesa, hukikuta kitupu, na kupiga kelele. Vivyo hivyo kwa wanaotumia kipoza cha maji, ikiwa waya wa pampu umepelekwa kwingine na kituo cha prosesa kikaachwa wazi. Dawa yake ni kuzima mashine, kuchomoa waya wa umeme ukutani, na kuihamisha plagi ndogo ya feni mahali panapostahili.

Sababu ya pili ni feni yenyewe kuwa ya mwendo wa polepole kwa asili yake. Feni kubwa za siku hizi, zenye upana wa milimita 120 au 140, huweza kupeleka upepo wa kutosha kwa mizunguko 400 au 500 tu kwa dakika pale mashine inapokuwa haina kazi nzito. Zipo bodi zilizowekewa kiwango cha chini cha mizunguko 600. Hapo feni haina kosa na bodi haina kosa, ila hawajaelewana. Inafaa kuingia katika mipangilio, ambayo kwa mashine nyingi hufunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu inapowaka, na kukiteremsha kiwango hicho hadi 300 au 200, au kuiongezea feni mwendo wake wa chini. Tazama tofauti iliyopo: kuteremsha kiwango ni kumwambia mlinzi ajue desturi za mwenye nyumba, kulizima onyo ni kumfukuza mlinzi.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa kisiwani: uchafu, chumvi na uchakavu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na ukuta wa chokaa ulioingia unyevu hudondosha vumbi jeupe jembamba mchana na usiku. Upepo wa bahari nao huja na chumvi. Vumbi na unyevu vikikutana katika mapezi ya kipoza joto hugandamana mithili ya kitambaa, na hewa haipiti. Katika beringi za feni vumbi hilo huleta ukavu na mkwaruzo, na mwendo hupungua. Katika pini, chumvi huleta kutu, na habari ya waya wa tatu hufika kwa kukatikakatika. Mtu anayeishi Shangani au Malindi karibu na pwani afungue kasha la kompyuta yake kila baada ya miezi michache. Achomoe umeme kwanza, aguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha apanguse kwa brashi laini na kavu, huku akiizuia feni kwa kidole isizunguke. Kitambaa chenye maji kisikaribie hapo.

Kuhusu uchakavu, lipo jambo ambalo huwachanganya watu. Wakazi wa Unguja hawajasahau mwezi Mei 2008, umeme utokao Bara ulipokatika kwa karibu mwezi mmoja, wala kile kipindi kirefu cha Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari ulianza kutumika mwaka 2013, lakini umeme wa kukatika na kurudi bado tunaujua. Sasa, feni iliyochoka huweza kuendelea kuzunguka maadamu imekwisha kushika mwendo. Ikisimama na kupoa, hushindwa kuanza upya. Tena bodi nyingi huikagua feni wakati mashine inapowashwa. Matokeo yake ni kwamba onyo hutokea pale umeme unaporudi, na mwenye mashine huulaumu umeme. Pengine umeme umemfichulia tu ugonjwa uliokuwapo tangu zamani. Feni ya namna hiyo haina matengenezo ya kudumu. Ibadilishwe.

Ikiwa feni imechomekwa sawasawa na kasi yake ni nzuri, bado tazama joto la prosesa katika ukurasa ule ule wa mipangilio. Likipanda dakika hadi dakika na kupita digrii 80 ilhali mashine haina kazi yoyote, basi upepo upo lakini joto halimfikii mpeperushaji. Huenda karatasi ya plastiki iliyofunika sehemu ya chini ya kipoza kipya haikubanduliwa. Huenda mguu mmoja kati ya minne haukuingia bodini, na kipoza kimekaa upande. Miguu hiyo hukazwa kwa mshazari, mmoja kisha wa pembe inayoukabili. Au pesti ya kupitisha joto imekauka. Ifutwe yote kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha itiwe mpya, kiasi cha punje moja ya mbaazi na si zaidi.

Mahali pa kuiweka mashine nako ni sehemu ya tiba. Waliojenga nyumba za Mji Mkongwe waliinua dari, wakaacha ua katikati ya nyumba, kwa kuwa walijua kwamba hewa ya moto haina budi kupewa njia ya kutokea. Wajukuu wao huisukuma kompyuta pembeni mwa kabati na kuifunika pazia! Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Wakati wa kaskazi, chumba kinapofika digrii 32, mashine huanzia juu. Iache wazi nyuma na ubavuni, angalau upana wa shubiri moja.

Sasa turudi kwa yule aliyelizima onyo. Tusimtishe kwa uwongo: prosesa za miaka hii hujilinda. Zikifikia joto la karibu digrii 100 nyingi hupunguza kasi zenyewe, na likizidi huizima mashine ghafla. Lakini kazi isiyohifadhiwa hupotea palepale, na vipande vilivyo jirani na prosesa hupikwa kidogo kidogo kwa joto la kila siku. Hata hivyo hasara iliyo kubwa kuliko hizo ni nyingine. Aliyelizima onyo anajua kwamba amelizima. Mwanafunzi atakayekaa hapo usiku kumalizia kazi yake ya skuli hajui. Mama atakayeingiza hesabu za mwezi hajui. Mnunuzi atakayeuziwa mashine hiyo mwakani hajui. Onyo liliwekwa kwa ajili ya kila atakayekalia kiti kile, na mtu mmoja ameliondoa kwa niaba yao wote, bila ya kuwauliza.

Basi, ndugu msomaji, unapoipokea kompyuta yako kutoka kwa fundi, usione haya kumwuliza maswali matatu mbele ya mashine inayowaka. Feni ya prosesa imechomekwa kituo gani? Inazunguka mara ngapi kwa dakika, na joto ni digrii ngapi? Na je, onyo bado linafanya kazi, au limezimwa? Fundi mwema atakufungulia ukurasa wa mipangilio uone kwa macho yako, na hatachukia kuulizwa. Ikiwa alilazimika kulizima kwa sababu ya haki, kwa mfano feni yenye nyaya mbili tu isiyo na waya wa habari, ni wajibu wake kukwambia, nawe ni wajibu wako kuwaambia wa nyumbani na kuandika kikaratasi ukakibandika juu ya kasha.

Dalili ya mvua ni mawingu, na hakuna aliyewahi kuizuia mvua kwa kufumba macho. Feni ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo ndani ya lile kasha. Kazi za watoto na hesabu za familia hazina duka zinakouzwa.